Mara Mia Nne kwa Siku

Foleni ya maji pale Kawangware ilikuwa imekwama tangu asubuhi, ndiposa Kathini akawasikia vizuri vijana wawili waliokuwa mbele yake. Walikuwa wakibishana juu ya tovuti yao ya kuwatafuta watu waliopotea kwenye fujo za uchaguzi.

"Chris, shida ni vile tuliseti hiyo programu ya Perl," yule mrefu akasema. "Kila mtu akitafuta jina, programu inaanza upya. Seva itabeba aje?"

"Alvin, wacha kusingizia Perl. Umeangalia logi, rekodi za seva? Kuna kompyuta ya saiba moja hapa Kawangware inatafuta Victor Kaloki mara mia nne kwa siku. Hiyo ndiyo inamaliza memori. Tuifungie hiyo saiba isiingie kwa tovuti."

"Na kama ni mamake?"

"Na hao wamama wengine wanaongoja ukurasa ufunguke?"

Kathini akaukazia macho mtungi wake. Yeye alidhani kulitafuta jina la mwanawe ni kama kubisha hodi: ukinyamaza, wenye nyumba watasema umeenda zako. Hakuna aliyemwambia kwamba hata kwa mlango huo kuna foleni.

Mfereji ukakohoa, ukakauka. Vijana wakabeba mitungi mitupu, bado wakibishana. Kathini aliuacha wake palepale, akakimbilia saiba kabla hawajaifungia.