Ijumaa Niliyokuwa na Duka

Bwana asifiwe, kanisa. Asifiwe tena, kwa sababu mkishasikia haya mtacheka mpaka msahau kumsifu, afadhali tumalize hiyo sasa.

Ndugu zangu, kuna watu wakitoa ushuhuda wanatoka mashujaa. Mimi kwa huu wangu natoka mjinga. Nimetafuta upande wenye ninaonekana mwerevu, nimeukosa. Mke wangu Mwende ako hapo mstari wa tatu, ameficha uso na kitabu cha nyimbo. Mwende, toa kitabu, hata sijaanza.

Mimi ni Kyalo. Wengi mnanijua kwa mkokoteni. Asubuhi gari za maziwa ya ngamia zikifika, mimi ndio napakia mitungi nikipelekea akina mama wanaouza sokoni. Tulikuwa tumekodi chumba karibu na mto. Mnakumbuka vile Tana ilifura. Maji yaliingia bila kupiga hodi, ukuta wa udongo ukalala chini kama mtu amechoka. Tukapewa hema. Mwende alikuwa na mimba kubwa.

Baba mkwe akatoka kwao Mwingi kuja kuona. Aliangalia hema, hata hakukaa. Akaniambia, "Kyalo, mimi nilikupa msichana, sikukupa mtalii. Huyu naenda naye. Siku utakuwa na mlango wa kufunga na kufuli, unipigie simu."

Akaenda naye. Mtoto akazaliwa huko Mwingi, nami nikamwona kwa simu, tena simu ya kuazima.

Sasa, sikuwa mtu bure. Kabla ya mafuriko nilikuwa nimenunua kaploti huku mtaa wa Galbet, na karatasi ya makubaliano yenye muhuri wa chifu. Kaploti kalikuwa na mti mmoja wa miiba na mbuzi za jirani. Kilichobaki ni nyumba. Nikaenda benki.

Benki ya kwanza iliuliza karatasi ya mshahara. Nikawaambia mshahara wangu ni mitungi. Ya pili ilitaka hati ya ardhi. Nikatoa ile karatasi ya chifu, dada wa pale akaiangalia vile unaangalia picha ya mtoto wa mtu mwingine, akasema ni nzuri, akanirudishia. Ya tatu nikapata afisa mpole. Akasema, "Kama uko na biashara mahali, tukuje tuone, tunaweza kuongea. Uko na duka?"

Ndugu zangu, mdomo wangu ulijibu kabla yangu. Ukasema, "Niko nalo."

Na nilikuwa nimefunga siku tatu nikiomba! Nilimwambia Mungu afungue mlango wa benki, nikamwonyesha mpaka ni benki gani na wanafungua saa ngapi. Kwa hivyo nikajiambia huu si uongo, ni kusukuma kidogo mlango wenye Mungu ameshafungua.

Rafiki yangu Noor ana duka la unga na sukari, linaangaliana na akina mama wa maziwa. Nikamwomba aniazime duka saa moja tu. Akakataa, akacheka, akakataa tena, akanipa ufunguo. "Ijumaa, nikiwa msikitini," akasema. "Usiuze kitu. Na usiguse biskuti."

Nikaona hii ni akili ya profesa. Ijumaa saa saba watu wako kwa swala, hakuna mteja wa kunisumbua, hakuna wa kuniita mtu wa mkokoteni. Nikaazima na koti.

Sasa niambieni, nyinyi wa Garissa, ni duka gani liko wazi Ijumaa saa saba? Barabara nzima milango imefungwa, hata paka amelala. Halafu katikati duka moja liko wazi, na ni la Noor, ambaye baba yake anafundisha madrasa. Ni mimi tu sikuona. Mimi nimekaa huku miaka yote, nafunga mkokoteni kila Ijumaa saa hiyo kwa sababu hakuna kazi, na bado sikuona.

Afisa akaja na faili. Akaangalia barabara, akauliza mbona wengine wote wamefunga. Nikajibu haraka, "Mimi ni Mkristo, bosi, naabudu Jumapili." Akaandika. Nikasikia amina ndani ya tumbo. Halafu akauliza, "Sukari kilo ni pesa ngapi?"

Nikaangalia sukari. Sukari ikaniangalia.

Hapo ndio Eedo Rukia akavuka barabara. Eedo kwa Kisomali ni shangazi, na huyu ni shangazi wa soko nzima, anauza maziwa tangu sijazaliwa. Aliona duka wazi saa ya swala akafikiri kuna msiba ama kuna mwizi. Akasimama mlangoni, akaniangalia, akaangalia koti.

"Kyalo, wewe nafanya nini kwa duka ya Noor? Noor ako mgonjwa?"

"Hapana, Eedo."

"Sasa ameacha dini, afungue duka Ijumaa?"

"Hapana, Eedo."

"Na mkokoteni iko wabi?" akasema. "Maziwa ya jioni nani nabeba?"

Afisa akafunika kalamu. Kalamu ikifunikwa haina kelele, lakini hiyo niliisikia. Akasema, "Asante kwa muda wako, Bwana Kyalo," akaenda.

Watu walipotoka msikitini habari ilikuwa imewatangulia. Nikapewa jina, Mwenye Duka. "Mwenye Duka, leta mitungi." Noor aligombezwa na baba yake, wiki mbili hakunisalimia. Hayo yote nilivumilia. Chenye sikuvumilia ni jioni ile ya Ijumaa nilipompigia Mwende nikamwambia. Nilingoja acheke. Hakucheka. Akasema polepole, "Baba anauliza kama tumtafutie mtoto shule huku."

Mtoto alikuwa hajajua hata kukaa, ndugu zangu. Nikajua Mwingi wamenihesabu kama mtu hayuko. Usiku huo sikuomba benki tena. Nilisema, Mungu, sina mlango wa kukuonyesha. Fungua wenye unajua wewe.

Kesho yake Eedo Rukia akaniita. Nikaenda nikijua kazi imeisha.

"Kaa habo," akasema, akinionyesha mtungi mtupu. "Sikia. Ile siku ya shimo, unakumbuka?"

Nilikumbuka. Miaka nyuma gurudumu liliingia kwa shimo, mtungi wake ukaanguka, nusu ya maziwa ikamwagika. Hakuna mtu aliona. Na bomba la maji lilikuwa hapo, hatua kumi. Mwenye anajua soko anajua maji ya bomba hujaza mitungi ya maziwa. Mimi nilimpelekea mtungi nusu, nikamwambia imemwagika, nikambebea bure mpaka deni likaisha.

"Siku ya maziwa hakuna mtu ameona, na umesema ukweli," Eedo akasema. "Siku ya benki soko nzima naona, na wewe unadanganya. Kwa nini?"

Sikutaka kujifanya mtakatifu mara ya pili. Nikamwambia, "Eedo, hata siku ya maziwa niliogopa tu. Wewe unaonja kila mtungi."

"Najua," akasema. "Lakini ulikuja."

Akina mama wa maziwa wako na chama wanaita hagbad. Kila wiki kila mmoja anatoa, na mmoja anachukua yote, zamu kwa zamu. Hakuna riba, hakuna fomu, hakuna afisa. Kuna mtu tu wa kusimama akisema huyu namjua. Hiyo wiki zamu ilikuwa ya Eedo, na alikuwa ameingoja sana, anunue friza ya maziwa. Aliniingiza mimi hagbad mbele ya wenzake wote, mtu wa mwisho, halafu akabadilisha. Mimi nichukue zamu yake, yeye achukue yangu ya mwisho.

Mama mmoja akauliza, "Huyu si Mwenye Duka? Akikimbia Mwingi?"

Eedo akasema, "Akikimbia nalipa mimi. Na mkokoteni inalala kwangu kila siku."

Na ulilala kwake kweli. Kila jioni naupeleka kama mtu anapeleka ng'ombe zizini. Pesa yenyewe sikuishika. Eedo alinipeleka kwa duka la simiti na mabati, akalipa mwenyewe, akahesabu mabati moja moja. Mawe nilibeba na mkokoteni, fundi akajenga, mimi nikachanganya simiti. Wiki moja niliugua malaria, sikuwa na kitu cha kutoa. Nikajikokota sokoni mapema, nikasema mbele yao wote kabla ya kuulizwa. Walinitukana kidogo kwa Kisomali, halafu mmoja akanitolea, nikambebea maziwa nilipopona.

Na Eedo aliweka sharti moja, kuomba msamaha. Nikaenda kwa Noor, nikaenda kwa baba yake, nikaenda mpaka benki. Yule afisa alinikumbuka. Akasema wengi wamemdanganya, lakini mimi ndio wa kwanza kurudi kusema.

Ndugu zangu, leo ni chumba kimoja na varanda. Mabati yanawaka jua kama kioo. Mlango ni wa chuma, kufuli ni kubwa kuliko inavyohitajika. Nilipiga simu Mwingi. Baba mkwe akaja na Mwende na mtoto, akagonga ukuta mahali tatu, akafunga kufuli, akafungua, akafunga tena. Halafu akaniangalia akauliza, "Na ile duka yako nilisikia, iko upande gani?"

Mtoto sasa anatembea ameshika ukuta wangu. Eedo alichukua zamu yake ya mwisho wiki iliyopita, friza imekuja, ni mimi niliibeba.

Kama kuna mtu hapa amefungiwa mlango, asiuvunje na uongo. Mwambie Mungu mahali unalala, umwachie yeye achague mlango. Ataweza kukuleta kwa mtu ambaye hata haombi kama wewe, na huyo mtu awe anakujua kwa jambo dogo ulilofanya zamani ukasahau. Mimi nimeona. Asanteni kwa maombi yenu, na asanteni wale mlinipa sufuria.

Jana nilimwambia Eedo Rukia kwamba leo nitasimama kanisani niseme vile Mungu amenitendea. Alikuwa anaonja mtungi wa asubuhi. Akauliza kama nitasema na ya duka. Nikamwambia nitasema.

"Sema yote," akaniambia. "Lakini usiweke maji."