Mama Matone na Dripu Zilizokuwa Zinaisha Mapema

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi mkuu wa wodi yetu ya magonjwa ya ndani atavua sare, atakabidhi funguo za kabati la dawa na kwenda zake nyumbani. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake, kwa kuwa nimefanya naye kazi miaka mingi na kwa kuwa, wanasema, mimi si mtu wa kulialia. Tutaona.

Jina lake kamili limo kwenye kadi ya mwaliko. Hapa nitamwita kama tunavyomwita. Alipoajiriwa alikuwa Dada Matone, alipopata watoto akawa Mama Matone, na siku hizi wanafunzi wa uuguzi humwita Bibi Matone wakidhani hasikii. Anasikia vizuri sana. Mwanafunzi anayemwita hivyo hujikuta anakokotoa dripu tatu kichwani, bila karatasi, kabla ya kunywa chai.

Jina lenyewe alilipata chuoni. Mwalimu aliandika ubaoni ile kanuni ambayo kila muuguzi anaijua: chukua mililita za maji, zidisha kwa idadi ya matone yanayojaza mililita moja, gawanya kwa dakika. Wenzake waliinakili wakaanza kuikariri. Yeye alinyoosha mkono akauliza tone ni nini hasa, na nani aliyeamua kwamba mpira wa dripu wa watu wazima utoe matone ishirini kwa mililita na ule wa watoto sitini. Mwalimu akamwambia imeandikwa kwenye pakiti. Akajibu kwamba pakiti imemwambia ni ngapi, haijamwambia kwa nini. Siku hiyo wenzake walipotoka kwenda kula, yeye alibaki na bomba la sindano na mpira wa dripu, anahesabu matone na kutazama mstari wa mililita unavyofikiwa. Aligundua kwamba kinachotofautisha ni upana wa kile kimdomo ambacho tone linaning'inia kabla ya kudondoka: kipana hutoa tone nono, chembamba hutoa tone dogo. Kisha akagundua jambo lililomfanya akimbie koridoni akicheka peke yake. Kwa mpira wa watoto, matone ya dakika moja ni sawasawa na mililita za saa moja, kwa sababu mililita ina matone sitini na saa ina dakika sitini, na sitini ya juu inakula sitini ya chini. Sisi wengine tulifundishwa hilo kama amri, yeye alilikuta mwenyewe kama mtu anayeokota pete barabarani.

Tangu hapo hakuna msemo uliomponyoka bila kuchunguzwa. Mkimwambia haba na haba hujaza kibaba, atauliza kibaba cha nani, na kwa saa ngapi. Mumewe, ambaye ni fundi wa magari na mtu wa subira kubwa, anasimulia kwamba bomba la jikoni kwao liliwahi kuvuja, akamwita fundi bomba, na fundi akakalishwa sebuleni akinywa chai mpaka mama mwenye nyumba apate hesabu ya ndoo ngapi zingepotea kwa mwezi. Fundi aliondoka akiwa ameshajifunza kanuni.

Kazi yake ilianzia wodi ya watoto, ambako mkono wake mwepesi wa kupata mshipa bado unasifiwa na watu ambao sasa wana watoto wao. Ulipotokea mlipuko wa kuhara na wagonjwa wakalala hadi koridoni, stendi za dripu ziliisha. Ni yeye aliyetundika chupa kwenye nondo za madirisha kwa bendeji, akaandika kwa chaki ukutani, juu ya kila godoro, idadi ya matone kwa dakika. Daktari aliyepita kukagua alisema ukuta ule unasomeka kuliko mafaili yake. Baada ya hapo alihamishiwa kwetu, na kwetu ndiko kilikotokea kisa ambacho nadhani ndicho kinachomweleza vizuri zaidi.

Nilikuwa mgeni katika wodi. Kwa wiki kadhaa dripu zetu zilikuwa zinaisha kabla ya wakati. Unatundika maji ya kupita kwa saa nane, unahesabu matone vizuri, unaweka alama, ukirudi mchana unakuta chupa imebaki na matone ya mwisho. Si zote, na si kila siku. Kila zamu ililaumu zamu iliyotangulia. Maneno ya pembeni yakaanza kwamba fulani hajui kugawanya, na mimi, kwa kuwa ndiye mgeni, nilijua fulani ni nani.

Mama Matone hakumlaumu mtu. Macho yalimng'aa tu. Alianza na mipira, akidhani labda kiwanda kimebadilisha ukubwa wa tone. Alidondosha matone ishirini ndani ya bomba la sindano mbele yetu sote: mililita moja, bila shaka yoyote. Akahamia kwenye urefu wa stendi, maana chupa ikipandishwa juu maji hukimbia zaidi. Zilikuwa sawa. Akashuku kile kigurudumu cha plastiki kinachobana mpira, kwamba huenda kinalegea chenyewe, akakiacha kimoja kinatiririsha maji kwenye beseni tangu asubuhi hadi jioni. Hakikulegea hata kidogo. Alikuwa amebakiwa na swali bila jibu, hali ambayo kwake ni kama kukosa chumvi kwenye chakula.

Wakati huo huo, nalisema hili kwa sababu lina uzito, nafasi ya muuguzi mkuu wa wodi ilikuwa wazi. Kila mtu alijua ni yake. Metroni, yaani mkuu wa wauguzi wa hospitali nzima, alikuwa amekwishaanza kumwita kwa cheo hicho kwa utani.

Ndipo akalazwa fundi cherehani mmoja, mzee mwembamba mwenye moyo dhaifu, aliyekuwa ametapika na kuhara mpaka macho yamezama. Alihitaji maji, lakini moyo wa namna ile haumudu maji ya haraka. Yakizidi, yanaingia kwenye mapafu. Daktari akaagiza mililita mia tano zipite kwa saa nane. Mama Matone alikokotoa akapata matone ishirini na moja kwa dakika, akayahesabu kwa saa yake ya kifuani, akamtuliza mgonjwa, akamtuliza na mke wa mgonjwa, akaendelea na kazi. Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi.

Saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha, tulipita kitanda hadi kitanda. Mzee alikuwa ameketi kitandani ameshika ukingo kwa mikono miwili, anakohoa, pumzi inamkata, midomo imebadilika rangi. Chupa ambayo ilitakiwa iwe nusu ilikuwa karibu tupu. Mama Matone alifunga dripu kabla hajasema neno, akamwegemeza wima kwa mito, akaagiza oksijeni, akanituma mbio kwa daktari. Mzee alipewa dawa ya kutoa maji mwilini kupitia mkojo, na tukasimama tunamtazama. Sijapata kuogopa mchana kweupe kama siku ile. Jioni pumzi zilitulia, akaomba ndoo, na hatujawahi kuufurahia mkojo wa mtu mzima kiasi kile.

Katikati ya hekaheka ile, Mama Matone aliona kitu ambacho sisi tulikiruka. Chini ya kitanda, viatu vya mzee vilikuwa vimepangwa, kamba zimelegezwa tayari kuvaliwa. Kandoni, mkewe alikuwa amekumbatia mfuko wa nguo zilizokunjwa. Hakumfokea. Alimuuliza kwa sauti ileile ya kuulizia mipira na stendi, kwamba mama, mbona viatu viko tayari? Yule mama akajibu, "Si mlisema hii ikiisha tunaenda nyumbani? Nikaona niwasaidie. Nikakizungusha kidogo."

Basi. Jibu la wiki zote lilikuwa hilo. Hakukuwa na mipira mibaya wala muuguzi asiyejua kugawanya. Walikuwepo wake, waume, mashangazi na wajomba waliokuja kuwaona watu wao, wakaambiwa na sisi wenyewe, kwa upole kabisa, kwamba chupa ikiisha mgonjwa ataruhusiwa. Nani asingependa chupa iishe?

Kesho yake asubuhi metroni aliitisha kikao. Wodi nzima ilikuwa imekwishatoa hukumu. Mke wa fundi cherehani nusura amuue mumewe kwa ujinga, na dawa ni moja: ndugu wasiingie tena wodini, wasalimie wagonjwa wao dirishani. Tangazo lilikuwa limeshaandikwa kwa kalamu nyekundu. Na tusijidanganye, katika hospitali kama yetu ndugu ndio wanaogeuza wagonjwa, wanaowalisha, wanaowashika mkono. Yule mama mwenyewe hakuingia siku hiyo. Alikaa kwenye benchi la nje tangu alfajiri, kichwa chini, na mzee ndani alikuwa anauliza mke wangu yuko wapi.

Mama Matone alisimama. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua nani alisema nini kando ya kitanda kile, na cheo kilikuwa mbele yake kama sahani iliyopakuliwa. Alisema maneno ambayo wengi wetu tunayakumbuka neno kwa neno: "Kigurudumu alikizungusha yule mama, lakini aliyemtuma ni mimi. Nilimwambia hii ikiisha mtaenda nyumbani. Sikumwambia kwa nini inakwenda polepole." Kisha akatuuliza, kwa udadisi mtupu bila kumsuta mtu, ni wangapi kati yetu tumewahi kumwambia ndugu wa mgonjwa sentensi hiyo. Mkono wangu ulikwenda juu. Nilipogeuka, nikaona mikono yote iko juu, na wa metroni ukiwemo.

Tangazo halikubandikwa. Cheo, hata hivyo, mwaka ule kilikwenda kwa mtu mwingine, maana ofisi za juu zilisoma taarifa ya kisa kile, alimojitaja mwenyewe, kuliko zilivyomsoma yeye. Alisubiri miaka mitatu. Niliudhika kwa niaba yake na nikamwambia hivyo. Alinijibu mficha uchi hazai, akanituma nikabadilishe shuka.

Kikao kilipovunjika alikwenda moja kwa moja kwenye lile benchi la nje. Mimi nilimfuata kwa sababu nami nina udadisi wangu. Alikaa karibu na yule mama, bega kwa bega, akamwambia hakukosea, alichokosa ni kuelezwa. Yule mama alilia kwanza, kisha akauliza mbona maji mengi yawe mabaya, wakati mumewe alikuwa amekauka. Nilimwona Mama Matone akitabasamu, maana lile lilikuwa swali la maana. Alimweleza moyo unavyosukuma na unavyochoka, kisha akamshika mkono wakaingia wodini. Mzee alipoanzishiwa tena maji, mara hii machache zaidi, mama alikalishwa mbele ya dripu akafundishwa kuhesabu kwa saa ya ukutani. Sharti lilikuwa moja: yakizidi au yakipungua, usiguse, tuite. Baada ya muda tukasikia ubishi. Mzee alikuwa amehesabu kumi na tano, mkewe kumi na nne, na hakuna aliyekuwa tayari kushindwa. Siku chache baadaye waliondoka kwa miguu yao wenyewe, bado wanabishana.

Tangu hapo desturi ya wodi yetu ni hiyo. Ndugu wa mgonjwa anapewa idadi ya matone na sababu yake. Hapewi ahadi ya chupa kuisha. Muuguzi atakayeteleza akasema "hii ikiisha" huosha vikombe vya chai vya zamu nzima, na nimeviosha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri hapa. Wodi nyingine walitucheka, kisha wakaja kuuliza tunafanyaje.

Zilipoletwa mashine za kuendesha dripu, tulidhani atanuna. Kumbe! Alivuta kiti akaketi mbele ya mashine ya kwanza kama mtu aliyeletewa mjukuu, akahesabu matone yake asubuhi nzima, na alipothibitisha kwamba haidanganyi alitangaza kuwa ameridhika naye. Alipoulizwa kama sasa tuache kufundisha ndugu, alishangaa. Alisema mashine inajua idadi, haijui nani amekaa pale anaogopa.

Hilo nililielewa sawasawa mwaka jana, nilipougua na kulazwa katika wodi hii hii, kitanda cha pembeni karibu na dirisha. Mume wangu ni mtu mwema asiyekumbuka hata miaka ya watoto wake. Alasiri moja nilizinduka kwenye homa, nikafumbua macho kidogo. Mashine zote zilikuwa kwa wagonjwa mahututi, mimi nilikuwa na dripu ya kawaida. Nilimkuta ameinamia mbele, macho hayabanduki kwenye ile dripu, midomo inacheza bila sauti. Akatazama saa ya ukutani, akashusha pumzi, akaanza upya kutoka moja. Miaka yote nimehesabia watu wengine matone, na sikuwahi kujua mtu analalaje akijua kuna anayemhesabia. Nilifumba macho nikalala.

Kwa usingizi ule, Mama Matone, na kwa usingizi wa wote waliopita mikononi mwako, wodi nzima inasema ahsante. Nenda ukapumzike na mumeo na wajukuu. Tunakuombea afya, siku ndefu zenye raha, na maswali yasiyokwisha. Mimi nimeshindwa kuilinda ile sifa ya kutolia, na kamati inisamehe.