Mwalimu Appolinaire Muhirwa na Kibao cha Vifuniko vya Soda

Ndugu na majirani wa Kabazana, wanafunzi, na ninyi mliotoka Mbarara asubuhi hii mkavumilia vumbi la barabara ya Kabingo, haya ndiyo maisha ya Appolinaire Muhirwa kama nyumba yake inavyoyajua. Yanasomwa na mdogo wake, Yonatani. Sehemu ya mwisho ni ya mjane wake, Marcienne, naye amesema hataki isomwe na mtu mwingine.

Appolinaire alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Bijombo, kwenye milima ya juu ya Uvira, Kivu ya Kusini. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Rutambwe na mama Kantengwa. Ilikuwa msimu wa mvua, ng'ombe wakiwa na maziwa mengi, na mama Kantengwa alizoea kusema ndiyo sababu mtoto huyu hakujua kunyamaza, alishiba mapema mno. Alipewa ndama wa kuchunga kama watoto wote wa pale. Siku moja ndama walirudi nyumbani wenyewe, mchungaji akakutwa amekaa kwenye nyasi ameifungua redio ya baba yake aone sauti inatoka wapi. Alichapwa, tena vizuri. Kesho yake redio ilikuwa inasema vizuri kuliko mwanzo, na mzee Rutambwe akaanza kumletea redio za majirani.

Shule ya msingi aliisoma Bijombo. Mwaka 1982 aliteremka Uvira kwa masomo ya sekondari, akapata diplome d'État, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 1989. Mwaka 1991 alivuka kwenda Bujumbura kusoma informatique, yaani elimu ya kompyuta. Wakati ule kompyuta ilifunikwa kitambaa kama mkate, na wanafunzi walivua viatu mlangoni. Alirudi Uvira mwaka 1993 akiwa na cheti na miwani, akafungua meza ya kuwapigia watu barua na kazi za shule, na hakuna aliyemtania kuhusu ile miwani mara mbili, maana alikuwa na ulimi.

Tarehe 23 Agosti 1997 alimwoa Marcienne kanisani Uvira. Marcienne alikuwa binti wa mlimani ambaye hakuingia shule hata siku moja, kaka zake walisoma, yeye akabaki na ng'ombe. Ulipofika wakati wa kutia sahihi, alichovya kidole gumba kwenye wino huku ameinamisha uso, kwa sababu kanisa lote lilikuwa linatazama. Bwana arusi, msomi mzima, akaiweka kalamu chini, akachovya kidole gumba chake pia. Mchungaji akamwuliza, "Appolinaire, wewe si unajua kuandika?" Akajibu, "Leo nimesahau." Marcienne amekisimulia kisa hicho kwa watoto wake mpaka wanakijua kwa moyo. Mungu aliwapa watoto watatu, Sonia, Emery na Olga.

Mwaka 2004 vita viliwatoa Uvira. Walipitia Burundi, na tarehe 9 Februari 2005 wakafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakapewa kiwanja hapa Kabazana. Appolinaire alijaribu kulima. Tuseme ukweli mbele ya kaburi, hakuwa mkulima. Mahindi yake yalisimama kwa huruma ya Mungu na jembe la mke wake. Marcienne ndiye aliyeitengeneza nyumba ile, akawa anafuata maziwa Endiinzi kwa wafugaji na kuyauza sokoni Base Camp, hesabu zote kichwani, na hakuna aliyewahi kumpunja.

Mwaka 2009 Appolinaire alitangaza kanisani kwamba anaanza darasa la kompyuta. Watu walicheka, kwa maana hakuwa na kompyuta, na hata umeme haukuwepo. Alichokuwa nacho ni ubao, misumari, na vifuniko vya soda alivyookota kwenye vibanda. Alivipigilia kwa mistari, kila kifuniko kikapakwa herufi yake kwa rangi, vidole vikajifunzia hapo. Wanafunzi walikaa kwenye baraza ya kanisa wamefunika mikono kwa kitenge ili wasichungulie, na yeye akipita nyuma yao akisema, "Macho kwangu. Vidole vinajua njia ya nyumbani."

Mwaka uliofuata aliwapeleka darasa la kwanza Mbarara, kwenye chuo kidogo, wakapimwe kwenye mashine za kweli. Wakaambiwa waandike mahali wanapotoka. Wakapiga haraka, vichwa juu, bila kutazama chini, kama walivyofundishwa. Mama aliyekuwa anasimamia akapita nyuma yao, akasoma kioo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Vyote vimeandika *Nqkivqle*.

"Sebo," akamwuliza mwalimu, kwa heshima ya kwao ya kumwita mtu bwana, "watu yako inaandika luga gani hii?"

Goretti, mama wa Kirundi aliyekuwa kinara wa darasa, alijibu kabla yake. "Sisi tumepiga pale pale alipotuonyesha. Mashine ndiyo imekataa."

Appolinaire aliinama akaitafuta A kwenye mashine. Ule ubao alikuwa ameupanga kwa kumbukumbu ya Bujumbura, jinsi Wafaransa wanavyopanga herufi zao, na mashine za Uganda zimepangwa kwa jinsi ya Waingereza. A haikai mahali pamoja. Darasa zima alikuwa amelifundisha kwa bidii, tena bila kosa, mashine ya nchi nyingine. Alivua kofia mbele ya wanafunzi wake na kusema, "Hawa wasihesabiwe kosa. Wamefanya nilivyowaambia. Kosa ni la mwalimu." Waliporudi Nakivale aling'oa vifuniko vyote, hata vile vilivyokuwa mahali pake, akaanza upya. Wanafunzi wa darasa lile mpaka leo wakisalimiana kwa simu huandikiana *Nqkivqle*, na yeye alikuwa akijibu hivyo hivyo.

Yule mama wa Mbarara aliona mtu anayeweza kufundisha vidole bila mashine, akaona si wa kuachwa. Kuanzia Februari 2012 Appolinaire akawa mwalimu wa kompyuta kwenye chuo hicho, pale Ruti. Jumatatu alipanda kwenda, Ijumaa alirudi, na Jumamosi ilikuwa ya darasa la barazani Kabazana. Chuo kilipobadilisha mashine, zile kuukuu alizibeba moja moja kwenye bodaboda, amezifunga kwa blanketi na kuzikumbatia. Wengine wenu mlikuwa wanafunzi wake Ruti na mnajua alivyokuwa. Hakuwa na mchezo na kazi. Aliyechelewa alikaa karibu naye, na hiyo ilikuwa adhabu tosha, kwa sababu mdomo wake haukupumzika.

Siku za mapumziko alikuwa na mapenzi mawili. La kwanza ni igisoro, mchezo wa mbegu kwenye mashimo, aliocheza na jirani yake Damascène chini ya mabati ya duka. Walibishana kwa Kirundi, wakatukanana kwa Kifaransa, wakapatana kwa Kiswahili. Akishindwa alikuwa anaomba ubao upimwe kama umenyooka.

La pili ni kurekodi kwaya. Hakuna kwaya hapa Nakivale ambayo hakuirekodi kwenye kompyuta yake, ya Wapentekoste na ya Wakatoliki, bila ubaguzi. Sauti iliyoteleza aliisikia hata ikiwa ya nyuma kabisa, na alisimamisha watu hata kama wana njaa. Kuna wimbo mmoja ambao jogoo aliwika katikati. Walirudia, jogoo naye akarudia. Mwishowe Appolinaire akasema, "Mwacheni, ndiye pekee aliyeingia kwa wakati." Jogoo yule yumo kwenye wimbo mpaka leo.

Watu walikuwa wakimwuliza Marcienne kwa nini yeye hasomi, na mwalimu analala kwake. Alijibu, "Mu nyumba moja hamuwezi kuwa balimu babili. Miye niko mwalimu wa maziwa." Walicheka naye, yakaisha.

Tarehe 11 Septemba 2023, Jumatatu, Appolinaire alianguka mbele ya darasa, Ruti. Alipelekwa hospitali mjini Mbarara, na madaktari wakasema ni kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na ulimi ukafungwa. Akili ilibaki nzima, ndiyo iliyotuumiza. Maneno yalimjaa na hayakuwa na mlango wa kutokea. Oktoba alirudishwa nyumbani, na nyumba iliyokuwa haina kimya tangu iezekwe mabati ikanyamaza.

Emery alimwekea kompyuta ndogo mapajani, na kwa mkono wa kushoto baba akaanza kuandika. Emery alimsomea mama yake. Maji. Dawa. Geuza mto. Muulizeni Goretti darasa linaendeleaje. Hayo yalikwenda vizuri. Lakini jioni, Marcienne akikaa kando yake, mume alikuwa akiandika, akimtazama, kisha Emery akikaribia anafuta.

"Anaandika mingi, weye unasoma kidogo," Marcienne alimwambia mwanawe.

"Anafuta, mama."

"Anafuta nini?"

"Sijui. Nikifika hakuna kitu."

Marcienne akaanza kubahatisha. Alileta maji, akaleta blanketi, akaleta uji, akamwita mchungaji. Kila mara mume alitikisa kichwa. Siku moja alimletea mpaka Damascène na ubao wa igisoro, na Appolinaire akacheza, akashinda, kisha akamtazama mke wake machozi yakimtoka. Marcienne alitoka nje akashika tama. Walikuwa wameishi pamoja tangu ujana, na sasa kulikuwa na neno ambalo mumewe hakutaka lipite kinywani mwa mtoto. Na daktari alikuwa amesema wazi kwamba kiharusi cha pili kikija hakitabisha hodi.

Mnamo Januari 2024 alikwenda kwa Goretti, ambaye ndiye aliyeshika darasa la barazani, akamwambia, "Nifunze herufi. Si kompyuta, herufi tu." Goretti akamkalisha na kile kibao cha vifuniko. Alikuja kila siku akitoka sokoni, vidumu vya maziwa miguuni, akakaa kati ya vijana wa umri wa watoto wake. B na P zilimchanganya mno. Kuna wanawake waliosimama barabarani wakamwuliza mama Sonia anataka kazi ya ofisi gani. "Ofisi ya bwana yangu," akawajibu, na akarudi kwenye kibao. Zilikuwepo siku alizolia akasema kichwa chake kimekauka, na Goretti akamwambia, "Kidole kwanza, kichwa kitafuata." Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba mume ataondoka kabla yeye hajafika mwisho wa herufi.

Alifika. Mwezi wa Agosti 2024, kibao kikiwa kati yao kitandani, Appolinaire alianza kumwonyesha kifuniko kimoja kimoja kwa kidole cha kushoto, naye akasoma. Sisi wengine tulitolewa nje. Tangu siku hiyo waliongea, polepole, wakati mwingine mpaka chai inapoa, na mara nyingi tulimsikia Marcienne akibishana. Wagonjwa wengi hupewa dawa. Huyu alipewa mke wake upya, na familia inamshukuru Mungu kwa miezi hiyo, na Goretti pia.

Kiharusi cha pili kilikuja Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025, asubuhi, akiwa nyumbani, mkono wake ndani ya mkono wa Marcienne. Leo, Jumatatu tarehe 5 Mei, tunamzika hapa Kabazana, kama alivyomwonyesha mke wake mwenyewe kwenye kibao. Darasa la barazani halijafungwa. Goretti amesema kesho kutwa kuna somo.

Yonatani anaishia hapa. Yanayofuata Marcienne ameyapiga mwenyewe kwenye kompyuta, na familia haikugusa hata herufi.

*

Miye ni Marcienne. Nimepiga kidole kimoja kimoja. Kama kuna makosa munisamehe, yeye hangenisamehe.

Bana alituachia ni Sonia, anakaa Ruti na bwana yake, na Emery, na Olga. Bajukuu ni babili. Ameacha ndugu yake Yonatani, na rafiki yake Damascène, na banafunzi, hao siwezi kubahesabu. Na miye.

Batu mingi baliniuliza, umejua kusoma, alikuambia nini? Balifikiri ni mambo ya shamba ao ya feza. Neno la kwanza nilisoma, nikakataa. Nikamwambia rudia, miye sijajua vizuri. Akarudia. I. M. B. A.

Miye tangu utoto naimba nikikamua ngombe, naimba nikipika. Hata sijue kama naimba. Siku alianguka nikanyamaza, nilisema mugonjwa anataka kimya. Alilala ndani ya hicho kimya siku zote, na miye naleta blanketi. Kumbe hakukuwa baridi. Na hakutaka mutoto aniambie, kwa sababu yeye mwenyewe hakuniambiaka hata siku moja kama anapenda sauti yangu.

Nikaimba. Halafu nikamuuliza, weye umerekodi kwaya zote za Nakivale, mpaka jogoo umerekodi, kwa nini miye hukunirekodi? Akaweka kidole kwenye kibao, pole pole, ili nisikose.

HIYO NI YANGU.

Mwalimu, kusoma nimemaliza. Leo naimba na batu bengine basikie, utanivumilia. Lala muzuri, Mungu akupokee.