Historia ya Dada Yetu Nukta, Ambaye Hakuwasilisha Tasnifu Yake

Ndugu waombolezaji, watoto wa marehemu wamenipa mimi, kaka yake mkubwa, kazi ya kuwasomea maisha ya mama yao, na kabla sijaanza naomba kusahihisha jambo moja katika karatasi mliyogawiwa mlangoni, kwamba chini ya jina lake yamechapwa maneno "Mwenye Shahada ya Uzamili", na maneno hayo si ya kweli. Walioyaandika walifanya hivyo kwa mapenzi. Marehemu alisomea shahada hiyo kwa mwaka mmoja na miezi minane, akafaulu masomo yote ya darasani, lakini hakuipata, na sababu ya kutoipata nitaisoma mahali pake.

Dada yetu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1961, akiwa mtoto wa saba na wa mwisho, na baba yetu alimwita Nukta, akimwambia mama kwamba sentensi sasa imekwisha, jambo ambalo mama hakulicheka hata kidogo. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, kisha chuo cha uhazili kwa miaka miwili, na tarehe 1 Julai 1981 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya nje.

Mwaka 1989 alihamishiwa kitengo cha vikao ili awe karani wa kumbukumbu, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika halmashauri, alikuja kwangu kila Jumamosi kwa miezi mitatu, nikamfundisha mezani pangu kama mimi nilivyofundishwa na mabwana wa zamani, yaani karani huandika kilichoamuliwa wala si kilichosemwa, na kumbukumbu zikishatiwa saini daftari la rasimu huchomwa moto. Alijifunza upesi, na wakubwa wake walimpenda kwa sababu kumbukumbu zake zilikuwa fupi na hazikumletea mtu maswali.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na mpima ardhi, mtu mpole aliyefariki mwaka 2009, na walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na mwana ambaye ni fundi umeme, pamoja na wajukuu watatu. Akiwa kazini alisoma shahada ya kwanza kwa masomo ya jioni, akaipata mwaka 2003, na alistaafu tarehe 30 Aprili 2021.

Sote tulidhani atapumzika, lakini tarehe 3 Oktoba 2022 alianza masomo ya uzamili katika masuala ya umma ya kimataifa, akiwa na umri wa miaka sitini na moja, na wanafunzi wenzake, ambao wengi ni rika la wanawe wa kuzaa, walimwita Bibi Itifaki, wakamwekea kiti karibu na dirisha, na kila mwalimu alipoeleza jinsi mikataba inavyojadiliwa walimgeukia yeye na kuuliza, "Bibi, ni kweli hayo?", naye akajibu, "Ni kweli, ila amesahau chai."

Tasnifu yake ilihusu mkataba wa nchi mbili jirani kugawana maji ya mto mmoja, uliojadiliwa tarehe 17 na 18 Novemba 1998, na kumbukumbu za kikao hicho aliziandika yeye mwenyewe. Mwezi Aprili 2023 alifunguliwa jalada katika chumba cha nyaraka, akasoma kwa mwandiko wa mashine yake mwenyewe kwamba wajumbe wote waliafiki, na aliponijia jioni ya siku hiyo alikuwa bado hajavua viatu aliponiambia, "Kaka, hawakuafiki wote."

Alinieleza kwamba siku ya pili ya kikao, mama mmoja mjumbe wa wakulima wa upande wa chini wa mto alisimama, akasema, "Mkifunga maji kule juu miezi minne, sisi tutakunywa nini? Mimi sijakubali. Andika hilo, binti," na mwenyekiti akasema, "Karani, tuendelee," nao wakaendelea. Nukta aliandika maneno hayo katika daftari la rasimu, hakuyaingiza katika kumbukumbu, na daftari alilichoma baada ya wiki mbili, kama nilivyomfundisha.

Msimamizi wake wa tasnifu, ambaye yuko nasi hapa na ninamheshimu, alimwambia bila kumficha kwamba hawezi kuwa mtafiti na shahidi kwa wakati mmoja, na kwamba mahali penye hati yenye saini, kumbukumbu ya kichwani haitoshi, akamshauri aiache sura hiyo, kwa kuwa sura nyingine nne zilikuwa nzuri na zilitosha kumpatia shahada. Mimi pia nilimshauri hivyo. Hakutujibu kwa hasira, alisema tu, "Mnataka niandike mara ya pili kwamba wote waliafiki."

Mwezi Septemba 2023 madaktari waligundua saratani ya ini. Pamoja na hayo, tarehe 20 Februari 2024 alisafiri kwa basi siku nzima hadi upande wa chini wa mto, akiwa na binti yake, akakuta yule mama amekwisha kufa, mashamba yameachwa, na nyumba iliyobaki na watu ni ya mtoto wa marehemu huyo, ambaye alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mama alisubiri jibu miaka sita. Alisema kuna binti mmoja aliyeandika."

Aliporudi hakuwa na nguvu ya kushika kalamu, hivyo kuanzia tarehe 2 hadi 5 Juni 2024 nilikaa kando ya kitanda chake nikaandika kwa mkono kurasa tatu za yaliyosemwa kikaoni, alizonitamkia, na mahali fulani nilipojaribu kufupisha, maana mkono wangu umezoea hivyo, alinishika kiganja akasema, "Acha, kaka. Andika nilivyosema." Nikaandika. Tulitia saini sote wawili, yeye kama karani wa kikao kile, mimi kama niliyemfundisha kazi. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu ilikuwa 14 Juni, nayo ikapita, kwa kuwa chuo hakikuweza kuzipokea kurasa hizo kama ushahidi, na yeye hakukubali kuwasilisha bila hizo.

Alifariki hospitalini tarehe 9 Julai 2024, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi miwili na siku ishirini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya nne, majirani waliompikia uji alipokuwa hawezi kula kitu kingine, waliokuwa wafanyakazi wenzake, wanafunzi wenzake waliofika leo na vitabu vyao mkononi, na msimamizi wake, aliyeomba jana nakala ya kurasa zile akapewa. Nakala nyingine ilitumwa Jumatatu kwa mtoto wa yule mama.

Nukta, mdogo wangu, nilikufundisha vibaya, na leo nimekiri mbele za watu. Pumzika sasa kwa amani.