Attracta Gilhooly na Kura ya Kumi na Moja

Ijumaa hii, tarehe 8 Novemba, Attracta Gilhooly anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuutumikia umma: diwani, mbunge, kisha waziri. Hesabu hiyo haina ile minane ya katikati, ambayo wapiga kura wa mji wetu wa Kilvarna walimpumzisha kwa nguvu. Kamati ya sherehe imeniomba niipite haraka miaka hiyo. Sitaipita.

Aliingia halmashauri ya kaunti mwaka 1985, mke wa Malachy mwenye bucha, mwanamke pekee kati ya madiwani ishirini na mmoja. Kikao cha kwanza mwenyekiti alimwomba awamiminie wenzake chai. Akamimina kikombe kimoja, akakinywa mwenyewe, akauliza ajenda inaanza lini.

Miaka mitano ilipita salama. Ndipo likaja suala la Barabara ya Kambi. Winnie Mongan na ndugu zake walikuwa Wasafiri, Waayalandi kama sisi, ila wameishi kwenye magari ya kukokotwa vizazi kwa vizazi, na sisi wengine tumewanyooshea vidole vizazi hivyo hivyo. Familia sita zilikuwa kando ya machimbo ya mawe, zikitumia bomba moja. Halmashauri ilipendekeza kuzijengea nyumba sita mjini.

Watu mia nne wakajaa ukumbi wa parokia. Packie Durkan, mkulima aliyeongoza kampeni ya Attracta, akasimama.

“Sisi ndio tuliokuweka pale, Attracta. Ukiipigia kura hiyo, usikanyage tena mlangoni kwangu!”

“Nitaukosa mlango wako, Packie, na mkate wa mkeo nitaukosa zaidi. Lakini Winnie ana watoto saba na bomba limeganda kwa barafu. Kura yangu mmeshaisikia.”

Walimzomea mpaka kwenye gari lake. Nilikuwa ukumbini. Sikuzomea, lakini sikumtetea pia, na hilo naliandika hapa kwa jina langu.

Siku ya kura, majina yaliitwa mpaka ikawa kumi kwa kumi, likabaki lake. “Ndiyo,” akasema. Kisha akarudia kwa sauti kubwa, kwa sababu mwandishi wa gazeti la kaunti alikuwa hasikii sikio moja, naye hakutaka anukuliwe vibaya.

Nyumba zikajengwa. Mji ukalipiza kisasi. Jumamosi iliyofuata kura ile, bucha ya Malachy ilipata wateja watatu, wawili wao wakiwa akina Mongan.

“Soseji zimebaki tele, mke wangu,” Malachy akasema. “Tutazila mpaka Pasaka.”

Wakazila. Juni ya 1991 Attracta akapoteza kiti vibaya, na kabla ya Krismasi bucha ikafungwa. Malachy akaenda kukata nyama kiwandani, mji wa jirani, mpaka afya ilipomkatalia. Alifariki mwaka 2003. Mara moja tu, tukiwa njiani kwenda Dublin, Attracta alinigusia jambo hilo. “Kura ile nisingeibadilisha,” alisema. “Ila bucha ile, Fergal, Malachy aliachiwa na baba yake.”

Miaka minane hiyo aliendesha gari la maktaba ya kaunti. Alilipeleka kwenye kila njia panda, pamoja na ile iliyo mbele ya nyumba za watu waliomfukuza. Ukitaka kitabu, ulikuja kumtazama usoni. Wengi walikuja. Mwaka 1999 akagombea tena, bila kuomba radhi na bila kufuta neno, akaongoza wote. Hapo ndipo nilipoacha benki nikawa katibu wake, kwa aibu zaidi kuliko kwa ushujaa.

Mwaka 2007 akaenda Bungeni. Miaka kumi baadaye akaingia baraza la mawaziri, akapewa dhamana ya nyumba za halmashauri. Mpango wake ulikuwa na ukurasa mmoja uliowakera wenzake: kwamba nyumba za Wasafiri zikishapata fedha na kiwanja, madiwani wasiweze kuzizuia kwa kuwaogopa majirani. Waliuondoa mara mbili. Mara mbili akaurudisha.

Kwenye kikao cha mwisho mwenzake mmoja akamwambia, “Dada, ukurasa huu utatugharimu viti.”

“Mimi kura kama hiyo ilinigharimu changu,” akajibu. “Na kitu kingine ambacho hakikurudi. Ninyi mnaogopa nini?”

Akaweka mezani barua ya kujiuzulu, imeshatiwa sahihi, akaomba maji ya kunywa. Barua hiyo haikuhitajika. Ukurasa ulipita, na kaunti nne zimeshajenga.

Leo ukumbini watakuwapo watu watakaodai walikuwa upande wake tangu mwanzo. Tungekuwa wengi hivyo mwaka 1990, kura ya kumi na moja isingekuwa na uzito. Karibuni, kuleni keki, lakini msitufundishe historia.

Attracta, ahsante kwa kazi, na kwa kutulazimisha tukutazame usoni. Nenda ukapumzike. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na simu, na siku nyingi za kutukatalia. Kilvarna haijawahi kustahili mtu kama wewe, nawe hukungoja istahili.

Fergal Tansey, katibu wake