Daktari Aliyekataa Kumtangaza Dume Mgonjwa Kuwa Mzima

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, anastaafu daktari wetu wa mifugo, ambaye maabara nzima humwita Mama Darubini. Niliombwa niandike maneno matamu. Nitajaribu, ila hasira bado ninayo.

Ni mcheshi kupindukia. Huimba akimtoa farasi damu, na kwa sauti ile, tunashangaa mnyama hakati kamba.

Lakini mwulizeni kuhusu farasi dume bingwa wa shamba moja la ufugaji. Majike aliowapanda walivimba sehemu za uzazi, wakatoka mabaka ya mviringo kwenye ngozi, kisha miguu ya nyuma ikalegea. Wengine walisingizia lishe. Mama alishuku vimelea vinavyoambukizwa kwa kupandana. Damu chini ya darubini haikuonyesha kitu; hakubabaika, maana vimelea hivyo ni nadra kuonekana humo. Akapima kingamwili, silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya ugonjwa. Dume na majike wale, wote walikuwa nazo.

Mkurugenzi wa maabara wa wakati ule, swahiba wa mwenye shamba, alimwita.

"Mama, andika kwamba haijathibitika. Tutapima tena msimu wa kupandisha ukiisha."

"Ukiisha, utampima farasi gani? Watakuwa wamekufa!"

Akasaini majibu yake vilevile.

Shukrani aliyopewa? Kutupwa stoo, ahesabu glovu! Majibu yakapuuzwa, dume akaendelea kupandishwa, na majike wazima wakaugua mmoja baada ya mwingine. Mtunza farasi mmoja alishuhudia jike aliyemlea kwa chupa akishindwa kusimama. Alilia kama aliyefiwa.

Mama hakukaa kimya. Aliwazungukia wafugaji jirani kwa miguu yake, akiwasihi wasimpelekee dume yule majike, kisha akaibana mamlaka ya mifugo hadi ikatuma wapimaji wengine. Majibu yalikuwa yaleyale. Dume aliuawa, shamba likafungwa. Mkurugenzi? Akapandishwa cheo! Mama akarudishwa maabara bila hata neno la pole, na mpaka leo hakuna aliyemwomba radhi. Ni aibu, na ninaiandika hapa ili isomwe mbele ya wakubwa wote.

Mama, wafugaji waliokusikiliza bado wana farasi wazima, na wanazaliana. Asante kwa kutokubali kuyumbishwa. Nenda kapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na afya isikupungukie.