Farao Aliyejenga Ukuta wa Uchina

Benchi lenyewe lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali, na limewekwa mbele ya kibanda cha mshona viatu, kwenye kona ambayo watu huipita haraka kwa kuogopa kuitwa waje watoe maoni. Kila asubuhi, kabla kazi hazijafunguliwa, hukaa hapo watu watatu, na wa nne husimama kwa sababu ndiye mwenye kahawa. Mshona viatu wanamwita Karne, maana hawezi kutaja jambo bila kulitafutia karne yake, hata liwe pancha ya baiskeli. Kinyozi wa kibanda cha pili wanamwita Kaisari, kwa kuwa amewabeba Warumi mgongoni kama ndugu zake wa damu. Mwashi mstaafu ni Timazi, jina la ule uzi wenye chuma ncha ya chini ambao mafundi hupimia kama ukuta umesimama wima. Mama Kahawa hana jina la utani. Hakuna aliyethubutu kumpa.

Elimu ya benchi hili ilitoka kwenye karanga. Miezi kumi iliyopita Mama Kahawa alinunua karatasi chakavu za kufungia, na ndani yake kulikuwa na kitabu kinene cha historia ya dunia ya kale, kisicho na jalada wala mwandishi. Akawa anachomoa karatasi moja moja, anaisokota, anatia karanga. Benchi likajiwekea sheria: anayemaliza karanga zake husoma karatasi kwa sauti, pande zote mbili, kisha huitia kwenye kopo la biskuti. Sentensi ikikatika chini, karatasi ya karanga zinazofuata ndiyo mwendelezo. Kwa njia hiyo wakawa wameimaliza Misri, Babeli, Rumi na Uchina, pamoja na nusu ya nchi ambayo Kaisari aliapa ni Ugiriki, ingawa mafuta yalikuwa yamekula nusu nyingine.

Asubuhi hii Karne hakufungua kibanda. Alikuwa amevaa lile shati lake la harusini, na mkononi alikuwa na barua.

— Saa ngapi wanakutaka? akauliza Timazi.

— Saa nne. Shuleni. Mimi na binti.

— Na barua inasemaje hasa?

Barua ilisema mambo ambayo Karne alikuwa ameshayajua tangu Jumatatu. Darasani liliulizwa swali: nani walijenga Ukuta Mkuu wa Uchina, na kwa nini? Binti yake akaandika kwa mwandiko mzuri kwamba aliujenga Farao wa Misri. Mwalimu akamkosesha. Wengine wangenyamaza, lakini huyu alisimama akamwambia mwalimu kwamba huenda bado hajaufikia ukurasa huo. Alipoambiwa akae chini, akasema baba yake ameusoma, na baba yake hasemi uongo. Akaambiwa aombe radhi, akakataa. Tangu siku hiyo kipindi cha historia anakaa nje kwenye ngazi, na hatarudi ndani mpaka mzazi aje.

Karne alikunja barua. Yeye shule aliiacha darasa la nne, na maisha yake yote ameyatazama kutoka kwenye nyayo za watu. Lakini jioni, wakati wa kula, alikuwa akianza tu kusema "Farao alipoona hivyo," binti yake anaacha kutafuna. Aliipenda saa ile kuliko kitu chochote alichokuwa nacho, na sasa alikuwa anakwenda kuitetea mbele ya mtu mwenye cheti.

— Usiwe na wasiwasi, akasema Kaisari, akifungua kopo. Ushahidi tunao. Sikilizeni. "Farao alipoona hatari hiyo, akaamuru watu wake wajenge..." Hapo imekatika. Timazi, shika hii, soma mwendelezo.

Timazi akaipeleka karatasi mbali na macho.

— "...ukuta mrefu uliopita juu ya milima, ili kuwazuia wapanda farasi waliokuwa wakitoka kaskazini."

— Umeona? Imeungana kama suruali na mkanda. Mwalimu atasema nini hapo?

— Atauliza Farao alifikaje Uchina, akasema Karne. Mimi ningeuliza.

Wakanywa kidogo. Swali hilo walikuwa wamelikwepa kwa miezi kumi.

— Barabara, akasema Kaisari. Warumi walijenga barabara, imeandikwa, na barabara haijengwi kama hakuna wa kupita. Aliyepita ni Farao.

— Lakini Warumi walikuja karne nyingi baada yake.

— Ndiyo maana akachelewa kufika.

Timazi akatikisa kichwa, kichwa cha mtu anayesikiliza watoto.

— Nyie ujenzi hamuujui. Huyo bwana alishamaliza piramidi. Ana mafundi, ana vibarua, ana kamba, kazi hakuna. Fundi akikosa kazi hutembea. Mimi mwenyewe nimejenga kwenye miji minne ambayo hata choo chake sikujua kiko wapi. Mfalme wa Uchina alisikia kuna watu wanaanza kitu na wanakimaliza, akawaita. Basi.

— Mwendo wote ule? akauliza Karne.

— Kwani wewe ndiye uliyetembea?

— Na askari wa udongo? akauliza Kaisari, ambaye alikuwa amepata moto. Tulisoma kwamba Uchina wamefukuliwa askari maelfu, wa udongo mtupu, kila mmoja na sura yake. Kitabu kinasema ni wa kulinda kaburi la mfalme. Mimi nasema wale walikuwa wanyapara. Kibarua akiinua kichwa apumzike, anaona mtu amesimama anamtazama. Anainama tena.

— Hilo nakubali, akasema Timazi. Mimi nilikuwa natundika koti langu juu ya jukwaa, nakwenda kulala. Kazi inaendelea.

— Kumbe, akasema Mama Kahawa, akimmiminia. Ndiyo maana.

— Ndiyo maana nini?

— Hapana, kunywa.

Karne alikuwa anaandika yote kiganjani kwa kalamu: barabara, kazi ilikwisha, wanyapara wa udongo. Alijua yanasikika vibaya. Alijua pia kwamba jana yake yangesikika vizuri kabisa, na hilo likazidi kumtia hofu.

— Babeli mmeisahau, akasema Kaisari. Babeli ndiyo inayofunga hesabu yote. Ile sheria ya mfalme wao, mnaikumbuka?

Timazi akaweka kikombe chini. Aliikumbuka. Nyumba ikianguka ikamwua mwenye nyumba, mwashi aliyeijenga anauawa. Siku aliposoma karatasi ile, karanga zilizofuata zilimshinda, akampa Karne.

— Sheria ya kijinga, akasema. Nyumba ina mambo mengi. Kuna udongo, kuna mvua, kuna mwenye nyumba anayekuletea saruji ya nusu ya ulichomwagiza.

— Wewe ungekuwa Babeli, akauliza Mama Kahawa, ungeshauawa mara ngapi?

Timazi akafikiri, kwa sababu ni mtu mkweli.

— Mara mbili. Lakini moja lilikuwa banda la kuku.

— Sasa ndiyo mnisikilize, akasema Kaisari. Waashi wa Babeli waliposikia sheria ile walilala pale? Walikimbia. Wakaziacha nyumba hewani, ndizo zile bustani zinazosemwa zilining'inia. Wakakimbilia Misri. Farao akaamka asubuhi, waashi wamejaa uwanjani. Awapeleke wapi? Uchina.

— Na vinyozi je? akauliza Timazi. Karatasi ileile inasema kinyozi akimnyoa mtumwa alama yake bila ruhusa ya bwana wake, anakatwa mkono.

Kaisari akaitazama mikono yake.

— Vinyozi walikwenda Rumi. Unadhani kwa nini sanamu zao nyingi hazina ndevu?

Hapo hata Karne alicheka, na kwa kitambo akasahau saa nne. Wakaafikiana waende wote shuleni. Kaisari angesoma karatasi, Timazi angejibu maswali ya ufundi, Karne angetaja karne. Mama Kahawa akauliza ni nani atakayemzuia mwalimu asiite mlinzi. Wakaendelea kugawana kazi.

Katikati ya mipango hiyo binti akatokea, sare imepigwa pasi, mkoba mgongoni. Hakuwahi kufika benchini hata siku moja. Karne alimkataza, akisema pale ni mahali pa watu wazima.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu, wakaitikia kwa pamoja, wakanyooka migongo.

— Baba, saa tatu na nusu. Umekichukua kitabu?

Karne akatazama kopo. Jioni zote zile alikuwa anasema "kitabu changu". Hakusema uongo, alijiambia, kilikuwa kitabu. Akamsogezea.

Binti akafungua kifuniko. Akatoa karatasi ya kwanza, akainyoosha juu ya goti. Ilinukia karanga.

— Ndicho hiki?

— Ndicho, akasema Kaisari. Mwaka mzima wa kusoma, mwanangu. Kasoro miezi miwili.

Binti akaketi mwisho wa benchi, akaanza kuzifungua moja moja. Alikuwa na furaha bado, Karne aliiona, furaha ya mtu aliyeonyeshwa chumba alichosimuliwa siku nyingi. Kila karatasi aliifungua mpaka ile ncha ya chini inayosokotwa sana ili karanga zisimwagike. Wao hawakuwahi kuifungua ncha ile. Hapakuwa na karanga.

— Baba mdogo, akamwambia Kaisari, hii ya Farao inaishia ukurasa wa arobaini na mbili.

— Sawasawa.

— Na ya ukuta inaanzia mia moja na kumi na saba.

Binti akachakura kopo, akatoa karatasi iliyokuwa imenata chini kabisa, akaibandua taratibu.

— Arobaini na tatu ni hii. "...maghala ya kuhifadhi nafaka, ili miaka ya njaa isiwakute mikono mitupu."

Akairudia tena, polepole, kama vile ingebadilika.

— Labda aliyepiga chapa alikosea namba, akasema Kaisari.

— Huenda ni namba za Kirumi, akasema Timazi. Wewe si ndiye mwenyewe?

— Hizi si za Kirumi, akakiri Kaisari.

Wakamgeukia Mama Kahawa. Mama Kahawa alikuwa anafuta vikombe bila haraka.

— Siku ile nakinunua kulikuwa na upepo, akasema. Uzi ukakatika, kikamwagika barabarani chote. Nikaokota zilivyokuja.

— Mbona hukutuambia?

— Mliniuliza? Mwaka mzima mnaniuliza kama karanga zimeungua.

Karne alihisi damu inampanda masikioni. Miezi kumi. Wachina, Wamisri, waashi wa Babeli, wote walikuwa wameokotwa barabarani na kutiwa kapuni, naye akaenda kuwapakulia mwanawe pamoja na chakula. Binti alikuwa ameshika arobaini na mbili mkono mmoja na mia moja na kumi na saba mkono wa pili, akamtazama. Macho yake hayakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

— Baba, akauliza, sasa mimi nikamwambie nini mwalimu?

Timazi alilitazama lile tofali la benchi. Mama Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Karne, likatoa tone moja la mashapo.

Karne alijua analo jibu moja. Angeweza kusema mpiga chapa kakosea, kama alivyosema Kaisari, na binti angeamini. Aliona usoni mwake kwamba anangoja tu kuambiwa hivyo. Angerudi kwenye zile ngazi, akae nje mpaka mwisho wa mwaka, kichwa juu, akimlinda baba yake.

— Wewe hutamwambia kitu, akasema. Nitasema mimi. Nitasema baba mtu hakusoma kitabu, alikula karanga.

— Watacheka, baba. Darasa zima litacheka.

— Waache wacheke. Wakishamaliza kunicheka mimi, wewe utakuwa umekaa kwenye dawati lako.

— Na radhi?

— Radhi tutaiomba wote wawili. Nitaanza mimi, nina makosa mengi zaidi.

Binti alizikusanya karatasi, akaanza kuzipanga upya, akilowesha kidole kila baada ya mbili tatu. Kaisari akamshikia zile zinazopeperuka. Timazi akainuka, akamkung'uta Karne vumbi la ukuta wa kibanda mgongoni, akasema na yeye angekuja, ila labda asimame getini.

— Baki, akasema Karne. Wafungulie wateja kibanda. Waambie nakuja.

Wakashika njia, baba na binti, kopo likiwa katikati yao. Walipofika mbali kidogo na benchi, mahali ambapo hawangesikika, Karne alipunguza mwendo.

— Hiyo ya maghala, akasema. Sikuielewa vizuri. Nisomee tukienda. Anzia arobaini na tatu.